Shina Laini na Mzizi wa Miiba

Mahubiri juu ya Mathayo 7:15-20



Mwalimu mmoja wa usharika katika nchi ya Shinyanga alinijia baada ya mvua za mwaka huu, naye alikuwa na matawi mawili yaliyofungwa katika kitambaa. Akayaweka juu ya meza. Moja lilikuwa laini kama mkono wa mtoto. La pili lilikuwa na miiba iliyopinda kama ndoana. Akasema, “Mchungaji, matawi haya mawili nimeyakata katika mmea mmoja. Mimi nilipanda mmea usio na miiba, na tazama, sasa unatoa miiba. Ni nani aliyenibadilishia?”

Nikamwuliza habari zake tangu mwanzo. Akanieleza ya kuwa rafiki yake aliyetoka nchi ya milima alimpa mche wa beri nyeusi, wa namna isiyo na miiba. Akaupanda karibu na kisima, akaunywesha kila siku, hata ukashika. Watoto wa Sunday School wakapenda kupitisha vidole juu ya fimbo zake, kwa kuwa hawakuchomwa. Ndipo siku moja, alipokuwa akilima karanga kando yake, jembe lilipita chini ya mmea. Baada ya majuma machache chipukizi zikatoka ardhini, na zote zilikuwa na miiba.

Kama habari ingaliishia hapo, nisingaliiandika. Lakini kuna bibi kizee, mjane, achotaye maji katika kisima kile, na macho yake ni mekundu. Majirani walipoiona miiba wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwamba alimwona yule bibi amesimama karibu na mmea jioni. Mwingine akasema kwamba yuko mtu huko upande wa machimbo ajuaye kupiga ramli, na kwamba kama mwalimu atoa fedha kidogo, jina la mwenye kufanya jambo hili litajulikana. Mwalimu alikataa. Lakini aliniambia kwa uaminifu, na machozi yakamlengalenga: “Mchungaji, kwa kinywa nilikataa, walakini usiku neno lile lilirudi. Asubuhi nilipomwona bibi akichota maji, sikumwamkia.”

Basi, wapenzi, jambo hili si la bustani tu. Lakini kabla ya kusema habari za mioyo na tuseme kwanza habari za mmea, maana Bwana wetu mwenyewe alianza na miti alipotaka kutufundisha kuwajua watu.

Mmea wa beri nyeusi na tuuite mberi. Hupenda nchi za baridi na unyevu. Jamaa zake wa mwituni, wenye miiba, huota hata kwetu kando ya misitu ya Usambara na Kilimanjaro. Lakini katika uwanda wa Shinyanga, penye jua kali na miezi mingi isiyo na mvua, mtu hauoni ila umepandwa na kunyweshwa kwa bidii. Wengi huuchanganya na mforsadi, kwa sababu matunda yao yafanana, kama shanga nyeusi ndogo zilizoshikamana. Walakini mforsadi ni mti wenye shina na kivuli, na majani yake ni mamoja mamoja. Mberi hutoa fimbo ndefu kutoka ardhini, na jani lake limegawanyika kuwa vijani vitatu au vitano. Tena yuko ndugu yake aitwaye rasiberi. Hao wawili hutambulikana wakati wa kuchuma: ukichuma rasiberi, moyo wake hubaki mtini, na tunda lina uwazi ndani kama kofia; ukichuma beri nyeusi, moyo wake hutoka pamoja na tunda. Fimbo ya mberi huishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza hukua, mwaka wa pili huzaa, kisha hufa, nayo yapasa kukatwa; wakati huo fimbo mpya zimekwisha kutoka kuchukua mahali pake. Na mtu atakaye kuuzidisha huinamisha ncha ya fimbo mpaka udongoni, nayo hushika mizizi.

Sasa habari za miiba. Tangu asili miberi mingi ina miiba. Katika mwaka 1926, katika jimbo la Oregon huko Marekani, ulionekana mberi usio na miiba, uliotokana na namna yenye miiba mingi. Watu wakaufurahia, wakauzidisha, ukaitwa Thornless Evergreen. Lakini wataalamu walipouchunguza waliona jambo la kustaajabisha. Ulaini wake ulikuwa katika ngozi ya nje peke yake, tabaka jembamba sana. Chini ya ngozi ile, mwili wa mmea ulikuwa ule ule wa zamani. Mmea ni mmoja, lakini asili ni mbili: nje laini, ndani miiba. Na kwa kuwa mizizi na mbegu hutokana na mwili wa ndani, ukipanda mbegu zake huota miche yenye miiba. Na jembe likijeruhi mzizi, au baridi kali ikiua fimbo, chipukizi litokalo mzizini huwa na miiba kama babu yake.

Mwalimu aliposikia hayo alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Basi hakuna aliyebadilisha kitu.” Nikamjibu, “Hakuna. Miiba ilikuwamo siku ile ulipoupanda. Jembe limeionyesha tu.”

Wapenzi, fungueni sasa Injili ya Mathayo, mlango wa saba. Bwana Yesu awaonya wanafunzi wake juu ya manabii wa uongo, ambao kwa nje wamejivika kama kondoo, na kwa ndani ni mbwa-mwitu. Kisha awapa njia ya kuwajua. Hawaambii wautazame uso wa mtu, wala mavazi, wala rangi ya macho. Awaambia waangalie matunda. Kisha auliza swali ambalo hata mtoto mchunga ng'ombe aweza kulijibu, kama kuna mtu aliyewahi kupata zabibu katika mti wa miiba. Mti mzuri wazaa mazuri, na mti mbaya wazaa mabaya. Na tunda latoka ndani, halitundikwi kwa nje.

Basi katika habari ya mwalimu wetu yamo makosa mawili ya kutambua, na yote mawili ni makosa yetu pia. Kosa la kwanza ni kuona shina laini na kusema, “Huu hauna miiba.” Kosa la pili ni kuona jicho jekundu na kusema, “Huyu ni mchawi.” Katika kosa la kwanza twamsifu mtu kwa ngozi yake, katika kosa la pili twamhukumu mtu kwa ngozi yake. Yote mawili Bwana ameyakataa.

Na tuseme wazi juu ya jicho jekundu, maana damu nyingi imemwagika katika nchi yetu kwa ajili yake. Nchi ya Shinyanga zamani ilikuwa na misitu. Tangu miaka ya 1920 miti mingi ilikatwa ili kufukuza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe yakaongezeka, na miti ikazidi kupungua. Mama akakosa kuni. Akaanza kupikia mabua na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Moshi wa vitu hivi ni mkali. Mwanamke aliyeinama juu ya moshi huo miaka arobaini, akiwapikia mume na watoto na wajukuu, macho yake yatakuwaje? Wekundu ule ni alama ya kazi. Ni kama sugu katika mkono wa mkulima. Nasi twaichukua alama ya upendo wake, twaifanya kuwa ushahidi wa kumwua. Katika Usukuma wazee wengi, na hasa wanawake, wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya tuhuma za namna hiyo. Je! Kama tungaliwatambua kwa matunda, kama Bwana alivyoamuru, tungaliona nini? Tungaliona wajukuu walioshiba.

Wala jambo hili haliishii kwa wazee. Huko Geita dhahabu imejulikana tangu siku za Wadachi, na tangu mgodi mkubwa wa sasa ulipoanza kazi mwaka 2000 watu wamezidi kumiminika kutoka kila upande, wengi wao kuchimba kwa mikono yao wenyewe. Mchimbaji ni mtu mwenye subira katika kazi yake. Haridhiki na jiwe kwa sababu lang'aa. Hulitwanga, huliosha, huishika dhahabu yake kwa zebaki, huipitisha motoni. Hata hapo ndipo aiitapo dhahabu. Lakini mtu huyo huyo, asiyeliamini jiwe mpaka amelijaribu, huliamini neno la mpiga ramli bila kulijaribu hata kidogo. Huambiwa kwamba bahati yake imefungwa na mtu fulani, au kwamba kiungo cha mwili wa ndugu mwenye ualbino kitamfungulia mwamba. Tangu mwaka 2007 hivi dunia nzima imesikia habari za ndugu zetu hao waliouawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Ziwa. Mnamo Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Hata hivyo, mwezi uliofuata, katika wilaya ya Chato, mkoani Geita, mtoto wa mwaka mmoja mwenye ualbino alinyang'anywa mikononi mwa mama yake, akauawa; na mama aliyejaribu kumwokoa alijeruhiwa vibaya.

Labda msomaji asema, “Hao ni wapagani. Sisi tumebatizwa.” Ndugu yangu, usiseme upesi. Wanaokwenda kwa mpiga ramli usiku, je, hakuna hata mmoja aimbaye nasi asubuhi ya Jumapili? Twajua jibu. Mtu hufundishwa miaka miwili, hupata kipaimara, hujua Amri Kumi kwa moyo, hutoa sadaka. Shina lake ni laini, nasi twashukuru. Kisha jembe lapita chini yake. Ng'ombe wafa, au mtoto augua na dawa haimsaidii, au shimo alilochimba miezi sita halina kitu. Hapo ndipo mzizi unaposema. Chipukizi latoka ardhini, na mtu mwenyewe hushangaa kuiona miiba yake. Mwalimu wetu hakupiga ramli, wala hakumgusa bibi yule, lakini hakumwamkia. Kutomwamkia ni mwiba mdogo. Miiba mikubwa yote ilianza hivyo.

Wala mimi nikuandikiaye si mtu mwingine. Mzizi ule ni wa Adamu, nao umo ndani yetu sote. Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa tatu, twasoma jinsi ardhi ilivyotoa miiba baada ya dhambi. Tangu siku ile watu wamejaribu kuiondoa kwa kisu. Wakata hapa, wakata pale, nao mmea warudi, maana kisu hukata kilicho juu ya ardhi. Adabu njema ni kisu. Sheria ya serikali ni kisu kilicho kikali zaidi, nacho ni cha lazima, maana chazuia mkono wa mwuaji. Lakini kisu hakibadilishi mzizi.

Ni nini basi kiwezacho kuubadilisha? Sikilizeni mwisho wa habari za mberi. Baadaye ilionekana namna nyingine isiyofanana na ile ya Oregon. Katika Uingereza, katika bustani za John Innes zilizokuwa Merton, karibu na London, ulipatikana mberi ambao ulaini wake umo katika asili yake yote, hata katika mbegu. Ukaitwa Merton Thornless. Kutoka katika uzao wake, mwaka 1966, Marekani ilitoa miberi miwili iitwayo Thornfree na Smoothstem. Miberi ya asili hiyo ukiikata mzizi, chipukizi hutoka laini. Tazameni tofauti. Ule wa kwanza ulipata ngozi mpya. Huu ulizaliwa upya. Kwa macho hutaitambua tofauti yao katika siku njema. Utaitambua siku ya jembe.

Hili ndilo alilomwambia Nikodemo Bwana wetu usiku ule: kwamba yampasa mtu kuzaliwa mara ya pili. Hakumwambia apambe ngozi. Na ili tuzaliwe upya Yeye mwenyewe alikubali miiba. Askari walipotafuta kitu cha kumdhihaki walisokota taji ya miiba, wakamvika kichwani. Hawakujua walichofanya. Laana iliyotoka ardhini kwa ajili ya Adamu, Mwana wa Mungu aliichukua juu ya kichwa chake, ikamtoa damu. Hakuna mwiba wetu usiomchoma Yeye kwanza. Kwa hiyo mwenye kuuona mwiba wake leo asikate tamaa, wala asiufiche kwa majani. Aende nao kwake Yeye aliyeuvaa.

Maana si kila mzizi uliofichika ni mzizi wa miiba. Nanyi watu wa Shinyanga mwalijua jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1986, ulipoanza mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, wageni waliiona nchi hii kama jangwa. Lakini wazee walikumbuka ngitili, desturi ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, ili majani yasimame hata kiangazi. Watu wakazifunga sehemu zile, ng'ombe wakazuiliwa; na katika mahali pengi miti ilirudi bila kupandwa, kwa sababu visiki vilikuwa hai chini ya udongo. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zimepita hekta 300,000 katika muda usiotimia miaka ishirini. Nabii Isaya alikwisha kutangaza, katika mlango wa kumi na moja, kwamba katika kisiki cha Yese litatoka chipukizi. Huyo ndiye Kristo. Ukibatizwa, umepandikizwa katika mzizi huo. Hata ukikatwa na taabu mpaka kubaki kisiki, mzizi huo hauna miiba, nao u hai.

Lakini maadamu tuko duniani, asili ya zamani hutoa chipukizi zake kila siku. Kwa hiyo Luther atufundisha katika Katekisimo Ndogo ya kwamba ubatizo ni kazi ya kila siku: mtu wa kale azamishwe kwa toba, na mtu mpya ainuke. Mkulima wa mberi ajua maana yake. Chipukizi la miiba likitokea, hulikati kwa panga juu ya ardhi, maana litarudi. Hufukua udongo, hufuata mpaka linapoungana na mzizi, huling'oa hapo. Ndivyo ilivyo toba. Usiseme, “Nimewaza vibaya kidogo.” Fukua. Nimemwogopa nani kuliko Mungu? Nimemwonea nani wivu? Ni nani nisiyemwamkia?

Ninyi walimu na wazee wa sharika, nawasihi mambo matatu. Katika darasa la kipaimara msiulize maneno ya Katekisimo tu, ulizeni pia, “Siku mtoto wako atakapougua, utakwenda kwa nani?” Nanyi mwacheni kijana ajibu kwa kweli, bila kumwaibisha. La pili, msikiapo mnong'ono juu ya mzee fulani, msingojee. Nendeni siku ile ile mkakae barazani pake mchana kweupe, mle chakula chake, ili kijiji kizima kiwaone. Mkiona hatari, mwapasha habari viongozi wa kijiji na polisi. La tatu, wasaidieni wanawake wapate jiko lenye tundu la kutolea moshi, na kuni za karibu. Kazi ya udongo na matofali yaweza kuwa mahubiri.

Mwalimu wetu alirudi nyumbani. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliwaita watu mpaka kisimani, akafukua mbele yao, akawaonyesha mahali jembe lilipokata na chipukizi la miiba lilipotoka. Kisha akasema mbele yao wote jambo ambalo hawakulijua: kwamba yeye mwalimu alikuwa amemnyima mjane salamu. Akamwendea bibi, akainama, akasema, “Shikamoo, bibi.” Naye akajibu, “Marahaba, mwanangu,” akamwomba amtwike ndoo yake.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyevikwa miiba yetu, usituache na ngozi laini na mioyo ya kale. Ututie mzizi mpya. Uwalinde wazee wetu, na ndugu zetu wenye ualbino, na watoto wao. Utufundishe kuwatambua watu kama Wewe utambuavyo, na kwanza kujitambua wenyewe. Amin.